Hapana ya Verlyn Haverkamp

Kwa miaka kumi na minane Verlyn Haverkamp alikuwa mbunge katika bunge la jimbo la Iowa, na miaka yote hiyo alisifika kwa neno moja: hapana. Barabara mpya, hapana. Sheria ya vinyozi, hapana. Watu wa kwao walimpenda hivyo hivyo, mpaka uchaguzi mmoja na wao wakamwambia hapana.

Akakaa nyumbani miaka miwili, maana sheria haimruhusu mbunge wa zamani kuwa mshawishi, yaani mtu anayelipwa kuwasemea wengine kwa wabunge, kabla ya hapo. Mkewe anasema alipanga upya makopo ya stoo mara tano. Kwa hiyo wafuga nyuki walipomfuata akawasemee bungeni, alikubali kabla kahawa haijapoa.

Mwenyekiti wao, Orval Kluesner, alikuwa amepoteza mizinga arobaini kwa dawa ya wadudu iliyopulizwa kwenye mahindi ya jirani. Walitaka sheria fupi tu: anayepulizia dawa amwarifu mfuga nyuki siku moja kabla. Lakini muswada usiopita kamati kufikia Ijumaa ile ulikuwa umekufa, na kamati ilikuwa imegawanyika sita kwa sita. Aliyebaki ni Marlys Ingebritsen, ambaye hakumwambia mtu msimamo wake.

Alhamisi asubuhi Verlyn aliuendea mlango wa ukumbi wa bunge kama mtu anayeingia jikoni kwake. Bawabu, mzee Delbert, akamzuia kwa mkono mmoja.

"Mheshimiwa, washawishi mnaishia hapa. Andika kikaratasi, nitampelekea unayemtaka."

"Delbert, ni mimi bwana."

"Nimekuona. Andika."

Akamwandikia Marlys. Akasimama kwenye marumaru na watu wa benki, watu wa nguruwe na watu wa walimu. Kikaratasi cha kwanza hakikujibiwa, wala cha pili, wala cha tatu. Mchana akala chili, mchuzi mzito wa nyama na maharage, na andazi la mdalasini amesimama, jicho mlangoni. Saa tisa Marlys akatoka. Kabla ya ubunge, huyu mama alikuwa mshawishi wa vinyozi, na aliwahi kumngoja Verlyn pale pale siku nne.

"Vikaratasi vyangu mimi," Marlys akauliza, "ulisoma hata kimoja?"

Verlyn angeweza kudanganya; uzoefu alikuwa nao. "Sikusoma. Nilikuwa nafutia miwani."

Marlys akatazama saa yake. "Haya, baba nyuki. Dakika tatu."

Verlyn akamsimulia jinsi Orval alivyozoa nyuki wafu kwa koleo la theluji. Marlys akarudi ndani bila kuahidi kitu.

Ijumaa kamati ikapiga kura kwa kuitwa majina, kwa mpangilio wa alfabeti. Verlyn alikuwa nyuma kabisa na wageni, mikono magotini. Karani akamwita Gulick, Gulick akasema ndiyo. Sasa, kwa miaka kumi na minane, baada ya Gulick alikuwa akiitwa Haverkamp. Mdomo haukumsubiri mwenyewe.

"Hapana," akasema Verlyn, kwa ile sauti yake nzito ya zamani.

Karani akabaki na kalamu hewani. Kisha chumba kizima kikaangua kicheko, mwenyekiti wa kamati akiwemo, na Verlyn akavitazama viatu vyake kana kwamba ndivyo vilivyosema. Karani akakohoa, akaita: Ingebritsen.

Marlys alikuwa anafuta machozi. "Nilikuwa nimeshaamua tangu jana," akasema. "Ila kama Haverkamp anaupinga, nina hakika zaidi kwamba ni muswada mzuri. Ndiyo."

Ukapita, saba kwa sita. Verlyn akatoka nje kuwapigia simu wafuga nyuki, akipanga moyoni sehemu gani aseme na ipi aimeze. Simu ikalia kabla hajabonyeza namba. Alikuwa Orval, walikuwa wamekusanyika wote kwenye kompyuta wakitazama kikao kikirushwa moja kwa moja.

"Verlyn, tulikuajiri useme ndiyo."

"Umepita, Orval."

"Tumeona. Bado bunge zima kupiga kura, sivyo? Basi nakuletea chupa ya asali. Wakianza kuita majina, tia kijiko mdomoni, na usikitoe mpaka wamalize."