Kitambaa Nilichokataa Kuchemsha

Namhimidi Mungu aliyeniachia pumzi ya kutubu. Nimekosa, ndugu zangu, wala sina wa kumsingizia.

Mimi na Barasa, mwenzangu wa kazi, tulikuwa tukitia vitambaa rangi uani kwangu, mtaa wa Mowlem. Pamba mpya hutoka kiwandani na wanga. Usipoichemsha kwa magadi mpaka wanga utoke, rangi haishiki. Siku ile zamu ya kuchemsha ilikuwa yangu. Nilikuwa nachelewa maombi ya wazee, nikaisuuza tu kwa maji baridi.

Barasa aliporudi akauliza, "Mzee, wanga umetoka?"

Nikamjibu, "Umetoka." Uongo, na Biblia iko kwapani!

Akina mama wa kwaya walifua mara moja tu majoho yao tuliyoyatia rangi, zambarau ikatoka mabaka mabaka. Wakanijia wakicheka: "Baba, hii ni rangi ama ni madoa ya viazi vya mukimo? Mwenzako ameuza rangi nzuri akakuachia chumvi!"

Nikayaamini, nikavimba kwa hasira. Nilichukua mti wa kukorogea, nikamkuta Barasa kule mtaa wa Majengo, nikampiga nao kichwani mbele ya watu, kisha nikapaza sauti: "Mwizi!"

Ee Mungu wangu, neno lile! Vijana walitoka kila kichochoro.

"Ni huyu, mzee?"

"Ndiye!"

Mawe. Rungu. Mateke ya mbavu. Jino lake liliangukia kiatu changu. Alinitazama kwa jicho moja, la pili limejaa damu. "Ndugu yangu, waambie basi!"

Hapo ndipo nilipoyakumbuka yale maji baridi. Nikanyamaza! Niliogopa mawe yasije yakanigeukia mimi. Mama mmoja muuza mboga ndiye aliyejitupa juu yake, wakamwacha.

Aliishi, Mungu ashukuriwe, lakini lile jicho halioni tena. Nilimwungamia akiwa kitandani. Akageukia ukuta. Mkewe ndiye aliyesema: "Baba, Mungu amekusikia. Na Majengo je, wamesikia?"

Nilirudi kule, kibanda kwa kibanda, nikisema mwongo ni mimi. Mmoja alinitemea mate. Mwingine akacheka: "Wacha, mzee. Lisemwalo lipo." Hadi leo Barasa akipita, watu huvuta mikoba yao karibu.

Wanangu, hasira ikiwapanda, fungeni midomo kwanza mjichunguze. Neno "mwizi" nimejaribu kulirudisha, limenishinda!

Nawe uliyesoma, Bwana aulinde ulimi wako, akubariki wewe na wa nyumbani mwako.