Sukari Niliyoificha Tumati

Siku yangu ya kwanza kazini kama mpambaji wa seti niliambiwa niondoe vitu. Nilikuwa na shahada ya sanaa za maonyesho, nikitarajia kuweka. Mpambaji ndiye anayeweka kila kinachoonekana kwenye kamera isipokuwa watu: kiti, kalenda, hata vumbi. Lakini filamu yetu ilihusu miaka ya uhaba, na duka tulilokodi Tumati, wilayani Mbulu, lilijaa kila bidhaa iliyoletwa na soko huria. Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya kiasi kwamba wengine bado waliandika Arusha kwenye bahasha.

"Toa vyote," alisema bosi wangu, Mkuu wa Mapambo. "Ukimaliza, tundika utando wa buibui."

Nilihamishia sabuni, betri na magunia manne ya sukari kwenye stoo ya nyuma, nikafunga mlango. Mwenye duka, Mama Paskalina, alikuwa muuzaji wa duka la ushirika miaka ile. Alitazama rafu zangu tupu akacheka.

"Mwanangu, nani alikuambia zilikuwa hivi? Zilijaa rangi ya viatu. Miezi mitatu rangi ya viatu, na viatu hatuna."

Nikaandika kwenye daftari. Chuoni hawakutufundisha hilo. Dereva alitumwa Mbulu mjini kuleta makopo, nikayapanga safu kwa safu, na duka likapata huzuni ambayo utando wa buibui usingeipata kamwe.

Kosa langu lilikuwa ule mlango. Asubuhi Mzee Tluway, mteja wa siku nyingi, alikuja kununua sukari, akaona rangi ya viatu, akatoka kuwaambia majirani kuwa uhaba umerudi. Haikupita saa moja foleni ikafika barabarani. Wenye shughuli waliacha vikapu vishike nafasi zao. Kisha mtu akachungulia dirisha la stoo.

"Mama Paskalina," Mzee Tluway alisema taratibu, "enzi za ushirika watu walisema unaficha sukari. Ukakana, tukakuamini. Na leo?"

Nikajitosa. "Mzee, tumeiondoa ili tupige picha."

"Mnapiga picha sukari?"

"Hapana. Tunapiga picha mahali ambapo haipo."

"Na ipo."

"Ipo, ila nyuma."

"Hata zamani ilikuwa nyuma," alisema mwanamke mmoja kwenye foleni. Watu wakacheka, lakini si kicheko kizuri.

Mkuu wa Mapambo alininong'oneza nisiguse kitu. Mpiga picha alikuwa ameipenda ile foleni. Mama Paskalina akanishika mkono.

"Miaka yote ile walisema, lakini jina la mlanguzi halikunishika. Usinipe jina hilo leo kwa ajili ya picha."

Nilifungua stoo, nikabeba gunia la kwanza begani na kupita mbele ya kamera.

"Bwana mdogo," alisema Mkuu, "umesoma, lakini kazi huijui."

Huenda. Nilipamba seti nyingine nyingi, kuanzia Katesh hadi Yaeda Chini, mpaka mgongo uliponistaafisha. Kote huko, kilichoondolewa nilikiweka nje, kila mpita njia akione. Vijana wakiniuliza siri ya seti nzuri, nawaambia wamtafute aliyewahi kuuza humo.

Siku ile, kufungua stoo hakukumtosha Mama Paskalina. Alinikalisha kwenye kigoda mlangoni mpaka jioni, nimweleze kila anayeingia. Wa kwanza nilimweleza maana ya seti na uhalisia. Kufikia wa tatu nilikuwa nimefupisha.

"Shikamoo. Sukari niliificha mimi, si mama."

"Marahaba," walijibu, wakaingia kununua.