Mwani wa Dirishani

Geneva Vanderlaan alikuwa na saluni ya nywele mjini Grand Rapids, na dirishani, mahali ambapo wenzake huweka picha za mitindo, yeye aliweka tangi la maji ya chumvi. Ndani yake mlikuwa na matumbawe na samaki kadhaa, na kipenzi chake alikuwa yule wa manjano, aliyemlea tangu akiwa mdogo kama kifungo cha shati. Theluji ikishaziba barabara, wapo wateja waliokuja kukaa mbele ya tangi lile hata kama nywele zao hazikuwa na shida yoyote.

Wateja hao ndio walioliharibu. Kila aliyengoja zamu aliwatupia samaki chakula. Mabaki yakaoza, kinyesi kikaongezeka, maji yakajaa mbolea. Utando wa kijani ukatambaa juu ya mawe, kisha juu ya matumbawe yenyewe, yakaanza kufifia. Geneva alisugua, akabadilisha maji, akatia dawa. Utando ulirudi.

Ndipo akaamua kupanda mwani. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mbolea ipo, basi iliwe na mmea anaoutaka yeye, akiukata na kuutupa, uchafu utoke nao. Wenzake katika chama cha wafugaji wa samaki wa chumvi walilijua jambo hilo, ila wao waliuficha mwani kwenye tangi dogo kabatini. Geneva hakuwa na kabati la kutosha. Akaupanda mbele, peupe, mwani wenye majani kama manyoya ya ndege.

Russ Hoekstra, mwenyekiti wa chama, alipita akasimama mlangoni na koti lake.

"Hili ni tangi au bustani ya mchicha?"

"Bustani. Umekuja kuomba mboga?"

"Geneva, nakwambia kwa wema. Huo ukikushinda utakuharibia maji yote."

"Funga mlango, Russ. Unaniingizia baridi."

Majira yale ya kuchipua utando ulipungua kweli, na matumbawe yakaanza kufunguka. Geneva akavimba kichwa. Dada yake alipoolewa, Geneva akaenda mji wa Kalamazoo kusherehekea, akasahau kazi ya kupunguza mwani. Aliporudi asubuhi kufungua saluni alikuta maji meupe kama maziwa. Mwani uliozidi ulikuwa umeachia mbegu zake zote kwa mpigo, majani yamebaki maganda matupu, na samaki wanahema juu ya maji.

Bi Opal, mteja wake wa siku nyingi, alikuwa ameingia nyuma yake akaketi, kichwani ana rola alizojitia nyumbani. Aliinuka hivyo hivyo, akashika ndoo. "Niambie nimwage wapi, mwanangu. Nywele zitangoja."

Russ naye alipopigiwa simu alikuja haraka, gari limejaa madumu ya maji ya chumvi. Hilo Geneva hakulisahau. Lakini hata dumu la kwanza halijaisha, akaanza:

"Nilikwambia."

"Maji nayapokea," Geneva akasema, mikono yake ikiwa tangini hadi viwiko. "Maneno rudi nayo."

Samaki wa manjano alikufa kabla ya mchana. Geneva alimfunga katika taulo dogo la saluni, akaingia chumba cha nyuma, akalia. Alijua kosa ni lake, si la mwani, na hakumficha mtu.

Wiki iliyofuata chama kikampa sharti: ang'oe mwani, la sivyo saluni yake itolewe kwenye siku ya matembezi, siku ambayo wanachama hutembelea matangi ya wenzao.

"Nitoeni," akasema.

Akapanda tena, safari hii mwani mwingine, mgumu, uliojisokota kama steelwire ya kusugulia sufuria, usioachia mbegu ovyo. Kila Jumatatu, saluni ikiwa imefungwa, aliukata. Hakuruka hata Jumatatu ya sikukuu. Maji yakatakata, ungeweza kuhesabu vitundu vya kila jiwe.

Siku ya matembezi alifungua mlango wazi, akapika kahawa ya kutosha ukumbi mzima. Walikuja wachache tu. Mmoja wao alikuwa Marlys, mke wa Russ. Alilitazama tangi muda mrefu, halafu akanong'ona:

"La kwetu limejaa utando. Nigawie kidogo."

Geneva akamkatia bonge, akalitia kwenye mfuko pamoja na maji.

"Ataniuliza nimeutoa wapi," Marlys akasema.

"Mwambie ukweli. Halafu uje unisimulie uso wake ulivyokuwa."

Chama hakikumrudisha kwenye matembezi, wala yeye hakuomba. Mwani bado uko dirishani, na anayepita barabarani anauona kabla ya samaki.