Damu moja, karatasi mbili: nilivyopimwa herpes Thika na Ruiru kabla ya harusi

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Juzi nimesoma hapa mtu akiuliza kwa nini amepimwa herpes mara mbili na majibu yamekataa kukubaliana. Wengi mlimcheka. Mimi sikucheka, kwa sababu njia hiyo niliipita miaka ya tisini na nikakonda. Nitaeleza yote vile yalivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga. Ni uzi mrefu kidogo, mnivumilie.

Wakati huo nilikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo Thika. Nilipanga chumba kimoja Ruiru, upande wa Kiuu. Mchumba wangu alikuwa Wambui, mwalimu wa shule ya msingi Juja. Mambo ya mahari yalikuwa yameisha, wazee wa pande zote wamekula mbuzi. Lilibaki kanisa tu.

Sasa kanisa letu pale Ruiru lilikuwa na utaratibu wake. Majina ya wanaotaka kuoana yanasomwa mbele ya washirika Jumapili tatu mfululizo. Na kwa ile hofu ya ukimwi ya miaka hiyo, pasta aliongeza sharti: kabla ya Jumapili ya tatu, kila mmoja alete karatasi ya damu ndani ya bahasha, zifunguliwe ofisini mwake wote wawili mkiwa mmekaa hapo.

Karatasi isipokuja, majina hayasomwi mara ya tatu. Na majina yakirukwa, kanisa zima linajua ni damu.

Jumapili ya kwanza tukasomwa. Jumatatu nikaenda lab moja ya private Thika. Jamaa wa hapo akanishauri kwamba kwa kuwa ni mambo ya harusi, afadhali anipime magonjwa yote ya zinaa mara moja. Nikakubali bila wasiwasi, nikijiona msafi.

Alhamisi nikachukua majibu. HIV negative. Kaswende negative. Herpes positive.

Wakuu, niliogopa sana. Herpes sikuijua vizuri. Nilichojua ni kwamba kulikuwa na mwenzetu kiwandani aliyetokwa na mkanda wa jeshi ubavuni. Kadi yake ya hospitali iliandikwa herpes, na hakumaliza mwaka. Kwenye matanga ilisemwa ni malaria, na hakuna aliyeamini. Baadaye sana ndio niliambiwa kile chake kilikuwa kirusi kingine kabisa. Lakini siku hiyo nani angeniambia?

Nyinyi vijana leo mna simu, mnauliza mtandao na hakuna anayejua. Sisi kuuliza kulikuwa ni kukiri.

Basi nikajihesabu maiti. HIV ilisema negative, lakini nikajiambia hiyo inakuja nyuma, bado haijaonekana. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya zamu nilikuwa napanda ile mizani ya kupimia marobota ya pamba, nione kama nimepungua. Na nilikuwa nimepungua kweli, kwa sababu chakula kilikuwa hakipiti.

Kabla ya Wambui nilikuwa na mwanamke mmoja kule Mwiki, tukakaa karibu mwaka. Nilimtukana moyoni siku mbili nzima. Halafu nikakumbuka kwamba hata mimi sikuwa malaika nilipompata.

Ijumaa nikaenda lab nyingine, hii ya Ruiru, nikaomba HIV na herpes peke yake. Kesho yake majibu: zote negative.

Nilitoka pale nikitabasamu na kila mtu. Furaha hiyo ilifika nyumbani tu. Nilipoweka karatasi mbili kitandani, moja kando ya nyingine, ikanijia kwamba moja inadanganya na sijui ni ipi. Kama ya Ruiru ndiyo kweli, naoa. Kama ya Thika ndiyo kweli, naenda kumuua mtoto wa watu huku kwaya ikiimba.

Hapa ndipo nilipokosea, na najua siko peke yangu. Miaka hiyo watu walizunguka lab hadi lab wakitafuta karatasi ya kumpendeza pasta. Nikaiweka ya Ruiru kwenye bahasha, nikalamba, nikafunga. Ya Thika nikaisukuma chini ya godoro.

Jumapili ya pili tukasomwa tena. Akina mama wakapiga vigelegele. Wambui alikuwa kando yangu amevaa gauni la bluu, ameshika kitabu cha nyimbo, na mimi jasho linanitoka mgongoni. Baada ya ibada tulikunywa chai, nikamkataza kuonja kwenye kikombe changu. Nikamdanganya nina mafua.

Kufikia Jumatano nikashindwa. Niliomba ruhusa kazini, nikabeba karatasi zote mbili, nikaenda hospitali ya misheni kumuona daktari mmoja, mama wa makamo, mtu wa maneno machache.

Alizisoma zote mbili. Nilingoja aniulize nimelala na wanawake wangapi. Hakuuliza hivyo. Aliuliza, "Ukishikwa na homa, huwa unatoka malengelenge kwa mdomo?"

Nikasema ndiyo, hapa kwa pembe, tangu nikiwa mdogo. Kwetu tulisema ni homa inatoka.

"Ulilelewa na nani?"

Nikasema cucu, yaani nyanya yangu, kwa sababu mama alikuwa anafanya kibarua kwenye mashamba ya kahawa.

"Alikuwa anakutafunia chakula?"

Wakuu, nilishangaa amejuaje. Waliolelewa na cucu wa zamani wanaelewa. Ndizi inachomwa, cucu anaitafuna mpaka ilainike, anaitoa, anakupa mdomoni. Ndivyo watoto wengi wa kwetu tulivyolishwa, na ilikuwa ni mapenzi.

Akanieleza polepole kwamba hayo malengelenge ya mdomo nayo ni herpes, na huambukizwa kwa mate. Kipimo cha Thika kilitafuta alama ya zamani, kwamba mwili wako uliwahi kukutana na hiki kirusi, hata kama ni utotoni. Cha Ruiru kilitafuta alama ya maambukizi mapya. Moja iliandikwa IgG, nyingine IgM, kwa herufi ndogo ambazo mimi niliziruka. Hakuna lab iliyodanganya. Kila moja ilijibu swali lake.

Nikamuuliza, basi kama yangu ni hii ya mdomo tu, nimepona?

"Siwezi kukuapia," akasema. "Hiki kipimo hakitenganishi ya mdomo na ya chini. Lakini nikiangalia huo mdomo na hiyo historia, nafikiri ni ya mdomo. Haitaisha, na haitakuua. Enda umwambie huyo msichana."

Alhamisi jioni nikaenda Juja. Wambui alikuwa anasahihisha vitabu vya wanafunzi. Nikaweka karatasi mbili juu ya rundo la vitabu na nikamweleza kila kitu, pamoja na yule wa Mwiki.

Alisoma bila haraka. Akasema hata yeye hutokwa na malengelenge hayo akipata malaria, kwa hivyo huenda tuko sawa. Akacheka kidogo. Na mimi nikaanza kupumua.

Halafu akaniuliza, "Na kama daktari angesema ni ile mbaya, ungeniambia?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Bahasha ulikuwa ushafunga?" akauliza tena.

"Nilikuwa nimefunga."

"Sasa nijibu."

"Sijui," nikasema. Na hiyo ndiyo ilikuwa kweli, wakuu. Mpaka leo sijui.

Akakunja karatasi vizuri akanirudishia, akaendelea kusahihisha. Sikujua kama niondoke au nikae.

Jumamosi tulikutana ofisini kwa pasta. Kabla bahasha hazijafunguliwa, Wambui akaomba majina yetu yasisomwe kesho. Pasta akauliza kama ni damu. Akamjibu, "Damu iko sawa, pasta. Ni sisi bado."

Nilijua nimempoteza. Jumapili nilienda kanisani kwa sababu kukosa kungekuwa vibaya zaidi. Nikakaa kwenye benchi la nyuma. Kabla ya matangazo Wambui akaingia. Angeweza kubaki Juja, hakuna ambaye angemlaumu. Akaja moja kwa moja akakaa kando yangu.

Majina yakasomwa, jozi tatu. Yetu yakarukwa. Vichwa vikageuka, mstari baada ya mstari, wakatutazama na wakaamini wanachoamini. Yeye hakuinama. Alikuwa amekataa kuolewa na mimi wiki hiyo, na bado alikubali kanisa zima limhesabu mgonjwa pamoja na mimi.

Nililia hapo hapo, mwanaume mzima.

Tulisomwa upya mwaka uliofuata. Safari hiyo bahasha yangu nilimpa yeye kwanza, ikiwa wazi.

Nilichojifunza: ukipata majibu mawili tofauti, usichague linalokupendeza. Uliza kila kipimo kilikuwa kinatafuta nini, kisha peleka karatasi zote kwa daktari mmoja. Siku hizi kuna vipimo vinavyotenganisha aina hizo mbili, lakini navyo hukosea, kwa hivyo bado uliza. Mimi si daktari, nimesimulia yangu tu.

Na wewe kijana uliyeanzisha ule uzi, hukutuambia jambo moja. Huyo uliye naye ameziona hizo karatasi?

Wengine pia semeni, hata kwa jina la kujificha. Majibu yenu yalipogongana, nani alikuwa wa kwanza kuambiwa?