Kreti ya Mwisho

Kwetu Kabras, zamani matanga hayakuwa yanaisha siku ya mazishi. Soda ilikuja katika chupa za kioo, na kila chupa iliwekewa pesa kwa mwenye duka mpaka irudi. Basi kesho yake shangazi na majirani walibaki kuzisaka: migombani, chini ya viti, ndani ya miwa. Walisaka, wakasengenya, wakapika uji, na mfiwa hakuachwa peke yake mpaka kreti zijae. Wakati mwingine ilichukua siku tatu.

Baba alipofariki, soda nilinunua mimi. Nilichukua za plastiki, nikajisifu: hakuna kurudisha, hakuna kusumbuana. Mjuaji mkubwa mimi! Tulizika Jumamosi. Jumapili saa nne asubuhi boma lilikuwa tupu, na jioni mimi mwenyewe nikarudi Lurambi, kazini.

Chupa tupu mama aliziokota peke yake. Nilipokuja mwisho wa mwezi nilizikuta chumbani kwa baba, zimeoshwa, hazina vifuniko, zimepangwa kutoka ukutani mpaka dirishani.

"Mama, hizi hazirudishwi."

"Watakuja. Soda ilikuwanga na watu wa kuitafuta."

Upepo ulipoingia dirishani chupa zilivuma kidogo. Mama akageuza kichwa, akasikiliza kama mtu aliyeitwa uani. Niliogopa, na aibu ikanishika kuliko hofu. Sikuzitupa. Kila nilipokwenda nilimkuta kwenye kiti kile kile, akitazama mlango.

Siku hizi redioni wanabishana kama chupa za plastiki nazo ziwekewe pesa ya kurudishiwa, ili zisizibe mitaro. Wenye maduka wanalalamika, wateja wanalalamika. Mimi mitaro hata siifikirii. Namwona mama akifungua mlango na hakuna aliyepiga hodi.

Mwaka jana tulimzika. Niliagiza soda ya kioo tu, nikazunguka maduka yote mpaka nikaipata. Watu walibaki, wakasaka, wakacheka hata. Siku ya pili kreti ya mwisho ilikuwa na tundu moja tu tupu, na shangazi akaanza kufunga mzigo wake.

"Shangazi, bado moja," nikamwambia.

"Hiyo tutaipatanga tu," akasema. Akaweka mzigo chini, akarudi migombani.

Chupa ilikuwa chini ya kitanda changu, nimeifunga kwa leso ya mama.