Watu Kumi wa Kumzika Melchior

Mwalimu Symphorien alifundisha jiografia Bukavu kwa miaka kumi na saba. Sydney, Australia, wakampa kazi ya kupanga maboksi ghalani, kwa sababu, nadhani, mtu anayejua mito yote ya Ulaya hawezi kushindwa kujua boksi lipi likae juu ya lipi. Tulikaa jengo moja, mtaa wa Merrylands. Kosa langu kwake ni moja: mwaka 2019 nilimpa asome makaratasi ya diploma yangu, ambayo hadi leo ipo nusu. Yalihusu nafasi ya utamaduni katika maendeleo ya mikoa, na jinsi watu wa Ulaya walivyojifunza kujiona kitu kimoja. Mimi nilikuwa nayatumia kuwekea sufuria ya moto. Yeye aliyasoma mara tatu, akapigia mistari kwa rula.

"Methodi, hawa watu waliuana mara mbili, dunia nzima ikaungua. Leo wanabadilishana nyimbo na jibini, mupaka wanauvuka kama mulango ya jikoni. Sisi hapa Merrylands tunashindwa nini?"

Tulishindwa mengi. Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania tulikuwa na vikundi vinne, kila kimoja kikiomba ukumbi uleule wa halmashauri Jumamosi ileile. Mwalimu alianza na sherehe ya pamoja. Ikavunjika kwa ugomvi wa ngoma ya nani itangulie. Ndipo akaona kitu ambacho makaratasi yangu hayakukiona: sherehe zinatugawa, msiba hapana. Msibani Mrundi anaosha sufuria za Mkenya na hakuna anayeuliza. Basi akaanzisha Umoja wa Maziwa Makuu, wenye kanuni moja tu: mwanachama akifa, tunakwenda wote. Ukiwa na zamu kazini, unaomba ruhusa. Ukinyimwa, unaumwa tumbo.

Na ikawa. Misiba miwili ya kwanza tulijaa mpaka majirani wakaita polisi. Halmashauri ikasikia habari zetu, ikaahidi chumba cha kudumu. Ndiyo miezi pekee niliyomwona mzee yule akitembea nchi hii bila kuinamisha kichwa.

Agosti 2021 Melchior akafa kwa korona. Alikuwa Mrundi, mfanya usafi hospitalini Westmead, mtu wa kusema "pole" hata ukimkanyaga wewe. Wakati huo tulikuwa tumefungiwa ndani, na mazishi yaliruhusiwa watu kumi. Mkewe, Aline, alikuwa karantini na watoto, haruhusiwi hata kufika mlangoni. Akampigia Mwalimu.

"Papa Symphorien, chagua wewe hao kumi. Ila asizikwe kama mtu asiye na watu."

"Mama Aline, lala tu. Umoja iko."

Angechukua ndugu na marafiki kumi wa marehemu, yangeisha. Lakini Mwalimu alikuwa amesoma makaratasi. Akatoa rula: ndugu wawili wa marehemu, kisha wawili wawili kutoka kila nchi. Haki tupu. Akaituma orodha kwenye kundi letu la WhatsApp saa nne asubuhi. Saa tano hapakuwa na Umoja.

Warundi waliuliza kwa nini maiti yao igawiwe wageni, halafu wakaanza kuulizana wao kwa wao hao wawili ni wa upande gani, na hapo mtu mwenye akili huzima simu. Mama Katungu wa Butembo akaandika kwamba Wakongo wote wawili ni wa Bukavu, "sisi wengine tulizaliwa na mbuzi?" Kamande wa Nairobi akapendekeza tuingie makaburini kwa zamu, dakika tano tano, kama kwa kinyozi. Sisi Watanzania tulijisifu kuwa hatuna ukabila, kisha tukakesha tukibishana kama Mwislamu apate nafasi moja. Mdogo wa marehemu, Térence, akafunga mjadala: "Kaka yangu amekuwa mkutano?"

Mwalimu alipiga simu siku mbili, chai ikipoa mbele yake. Wote walimjibu kwa adabu kubwa. "Mwalimu, si wewe. Ni wale. Wakija wale, mimi siji."

Ijumaa, makaburini, tulikuta viti kumi vimepangwa, vimeachana mita moja na nusu. Térence na ndugu yake wakakaa bila kutusalimia. Mimi na Mwalimu tukakaa. Mchungaji alisubiri dakika ishirini akitazama geti, kisha akafungua Biblia.

Kazi yangu ilikuwa kushika simu. Aline alikuwa upande wa pili, na watoto wamevaa nguo za kanisani, wamejipanga kwenye kochi. Niliielekeza kamera kwenye jeneza, nikaishikilia hapohapo.

"Methodi, mdogo wangu, zungusha kidogo. Nione watu."

Nikamtazama Mwalimu. Akatikisa kichwa kukataa.

"Wamejaa, Mama Aline," akasema kwa sauti ya darasani. "Kumi tuko hapa. Wengine polisi wamewazuia getini."

Térence aligeuka, akamtazama. Kisha akarudisha macho kwenye jeneza.

"Mungu asifiwe," Aline akasema, na nikasikia akiwaambia watoto: mnaona, baba yenu alipendwa. Kisha: "Mbona siwasikii wakiimba?"

Mimi ni mtu wa kujibu kabla sijaulizwa. Nilikata simu. Nikamwandikia kuwa bando limeisha.

Jibu lake lilikuja udongo ukiwa umeanza kumwagwa. "Haidhuru. Waambie wote asante, mmoja mmoja."

Nilimpa Mwalimu asome. Akasoma, akanirudishia simu, akaniuliza treni ya kurudi Merrylands ni saa ngapi.