Posa Iliyopata Kumi na Moja

Nakiri mapema ili mnicheke mara moja tuendelee: nilipokuwa msichana wa darasa la sita niliisahihisha barua ya posa ya shangazi yangu kwa kalamu nyekundu, nikaipa kumi na moja juu ya ishirini, na chini nikaandika "Jitahidi." Hadi leo nikinusa wino wa biki iliyovuja, masikio yanapata moto.

Tulikaa Igogo, kwenye nyumba iliyonuka dagaa hata siku tulizokula maharage. Mshenga alileta barua Alhamisi. Baba akaisoma, akaiweka kabatini chini ya kitambaa cha kufuma, ijibiwe Jumapili wazee wakikaa. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili, na mtu wa namna hiyo hawezi kuishi nyumba moja na karatasi ambayo haijasahihishwa. Mposaji, mvuvi wa Ukerewe, alikuwa amepanga herufi kama anayepakia samaki mtumbwini: popote penye nafasi. Niliona nawapunguzia wazee kazi.

Jumapili baba alivaa miwani, akaikunjua barua, akaukuta wekundu. Akampa mshenga. Mzee yule aliisoma mpaka chini, akaikunja taratibu, kisha akauliza, kwa upole uliotisha kuliko kofi, kama huo wekundu ndio jibu la ukoo, ili akawaambie waliomtuma. Kwetu barua ya posa haichorwi; ukiirudisha na alama umemkataa mtu. Baba akaanza kuomba radhi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikitamani kuwa dagaa.

Ndipo shangazi akatoka jikoni na mwiko wenye ugali, jambo ambalo binti anayeposwa halifanyi. Akapiga goti, akaamkia, akaiomba barua. Aliisoma yote, pamoja na maoni yangu.

"Mzee, ameandika mwenyewe?"

Mshenga akajibu kwamba ndiyo, kwa siku tatu, na alikataa kabisa kuandikiwa na mwalimu wa kule kwao.

Shangazi akamrudishia baba karatasi. "Basi kwangu amefaulu," akasema, akarudi kusonga ugali.

Barua anayo bado, sandukuni, na wino wangu haujafifia. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikajua tulikuwa tumesoma vitu viwili: mimi makosa, yeye zile siku tatu.

Mngedhani nilikoma. Juzi nilisimama gengeni kwa jirani yetu Mama Kulwa, ambaye siku ile ya mshenga alikuja kutusaidia kupika, nikamwonyesha kosa kwenye kibao chake cha bei, tena mbele ya wateja. Hakuinua hata macho kutoka kwenye nyanya zake.

"Shangazi yako aliletewa ya kumi na moja, akapata mume. Wewe wa ishirini juu ya ishirini, barua yako iko wapi?"